Kesho ya Hapa ni ya Nani?

Nikifungua kitabu cha dunia ya mchezo wa mezani, zile za ngome, panga na majoka, huwa nauliza: kesho ya hapa ni ya nani?

Forgotten Realms ya Ed Greenwood, iliyotoka kama mchezo 1987, ni tamu na pana. Lakini mwaka 2008 wachapishaji waliirusha mbele karibu miaka 100. Yaani malkia mliyemwokoa Jumamosi na wenzako, kitabu kipya kinakwambia alishazikwa zamani. Inauma, bana.

Hârn ya N. Robin Crossby, ya 1983, ilichagua njia nyingine. Imejaa hesabu za mashamba ya mabwana: nani analima, nani anadaiwa nini. Inachosha? Saa zingine, sana. Lakini vitabu vyake rasmi vinaishia mwaka wa 720 wa kalenda yake. Njaa ikiingia 721, ama mfalme akipinduliwa, ni nyinyi na dadu zenu mtaamua.

Mimi nachukua Hârn. Ukijenga dunia yako, andika bei ya nafaka na deni la mkulima, kisha funga daftari. Yanayobaki waachie walioketi mezani.