Nani Atashinda? Juu ya konkuru za kuimba kwenye televizyo na namna yetu ya kuhukumu sauti

Wenzetu wamoja wa chama walishangaa waliposikia kwamba katika kitabu hiki, kando ya maandiko juu ya mahari, kilio na ngoma, tunataka kuweka andiko juu ya konkuru za kuimba za televizyo. Walisema: ile si desturi, ile ni mambo ya makampuni ya simu na ya bia. Sisi hatukubali. Konkuru yenyewe ilitoka mbali, ni kweli. Lakini namna watu wetu wanavyobishana mbele ya ile televizyo, namna wanavyotabiri nani atashinda na kwa sababu gani, hiyo haikutoka mbali. Ni ya hapa hapa nyumbani, na hiyo ndiyo tunataka kuichungua.

Tuanze na Tusker Project Fame, kwani ndiyo iliyotugombanisha zaidi huku Bukavu. Ilifanyika Nairobi, na jina lake ni la bia ya Kenya. Vijana waimbaji waliwekwa katika nyumba moja wakifundishwa, kisha kila juma walipanda jukwaani. Juri ilisema maneno yake, mara nyingi makali, lakini mshindi wa mwisho alitoka katika mesaji za simu za watazamaji. Misimu ilikuwa 6: mwaka 2006, 2008, 2009, 2010, 2012 na wa mwisho 2013. Congo yetu haikuwa kati ya inchi zilizoshindana. Tulikuwa sawa na mtoto anayechungulia karamu ya jirani juu ya lupango: anaona nyama, anasikia harufu, anajua hata nani anakula sana, lakini sahani yake haipo.

Basi, mtu asiye na sahani ndiye anayesema zaidi. Katika nganda na mbele ya nyumba zenye antena nzuri, kila mmoja alikuwa na utabiri wake. Tuliposikiliza vizuri tuliona kwamba watu walikuwa wakijibu maulizo mawili kama vile ni moja. Ulizo la kwanza: nani anaimba vizuri kupita wengine? La pili: nani atashinda? Mmoja anasema, "Huyu Mukenya njo atabeba," mwingine anamkatalia, "Hapana, sauti yake haipande." Wanabishana mpaka umeme unakatika, na hakuna anayeona kwamba yule wa kwanza hakusema hata neno moja juu ya sauti.

Wengi walikuwa na fundisho moja tu: inchi kubwa itashinda, kwa sababu kila mutu anachagua damu yake. Neno hili linaonekana la akili. Lakini tuangalie namna mambo yalivyotoka. Kenya ilishinda mara 2, kwa Valerie Kimani mwaka 2006 na Ruth Matete mwaka 2012. Uganda mara 2, mwaka 2008 na 2010. Mwaka 2009 alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, inchi iliyokuwa na watu wapata milioni 10, wakati Kenya peke yake ilihesabu watu zaidi ya milioni 38 mwaka ule ule. Mwaka 2013 alishinda Hope Irakoze wa Burundi, inchi ndogo zaidi tena. Na Tanzania, yenye watu wengi kupita wote hao? Haikushinda hata mara moja.

Kumbe fundisho la damu ni la uongo? Sisi tunafikiri si la uongo, ni nusu tu. Inchi kubwa ilikuwa na waimbaji kadhaa ndani ya nyumba ile, na mesaji za watu wake ziligawanyika kati yao. Inchi ndogo yenye mwimbaji mmoja au wawili ilitia mesaji zote katika kapu moja. Tena watu wa inchi ndogo wana njaa ya kuonekana, ambayo watu wa inchi kubwa hawana. Tanzania walikuwa na konkuru yao nyumbani, Bongo Star Search, na kwao sifa ya Nairobi pengine haikuwa na uzito ule ule. Anayetaka kutabiri asihesabu watu. Ahesabu wale walio tayari kuuza unite za juma zima kwa ajili ya kijana mmoja. Lakini hata baada ya hesabu hiyo yote, Alpha alikuwa anaimba. Jambo hili lilikuwa zito kulisema huku kwetu, na hapa tunapaswa kukaa kidogo.

Wasomaji wanakumbuka mwaka 2009. Mwezi wa kwanza majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu ya Kaskazini pamoja na yetu katika operesheni Umoja Wetu, na kabla ya hapo kulikuwa na mengine ambayo hatuna haja ya kuyarudia, kwani kila jamaa ina kaburi lake. Mwisho wa mwaka ule ule, binti mmoja wa mtaa wetu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na kadi ya simu ya ng'ambo ya Ruzizi, kama watu wengi wanaovuka kwa biashara. Kila siku ya konkuru alituma mesaji zake kwa Alpha. Mjomba wake alipojua, alimwita mbele ya watu. Tulikuwapo.

"Unalisha nani na makuta yako?" akamwuliza.

"Mujomba, miye sikuchagua inchi. Nilichagua sauti."

"Sauti iko na inchi yake, mama."

Hakumpiga, hakumtukana, alimwita "mama" kama tunavyowaita watoto wetu wa kike tukiwapenda. Lakini binti alinyamaza, na sisi pia. Katika mkutano wa chama uliofuata tuligawanyika pande mbili juu ya maneno yale. Wamoja walisema binti alikuwa na haki: wimbo ukiwa mzuri ni mzuri, na babu zetu walicheza ngoma za makabila waliyopigana nayo. Wengine walisema mjomba hakuwa akisema juu ya wimbo, alikuwa akisema juu ya msiba, na msiba hauhukumiwi kwa masikio. Hatukumaliza neno lile. Tunaloweza kuandika leo ni kwamba mjomba aliona kitu ambacho binti hakukiona: kutuma mesaji si kusikiliza. Ni kutoa. Na desturi yetu ya kutoa haikuwa kamwe bila kuuliza anayepewa ni wa nani.

Halafu ulikuja mwaka 2010, na konkuru ya Vodacom Superstar ndani ya Congo yenyewe, ikiwa na jina la Akon juu yake kama baba wa ubatizo. Mara hii sahani yetu ilikuwapo. Kutoka Goma alitokea mtoto wa miaka 13, Innocent Balume, aliyezoea kuimba na ndugu zake katika Maisha Soul na aliyejua kucheza sawa na Michael Jackson. Utabiri wa mtaa wetu ulikuwa mmoja: hatashinda. Kinshasa haiwezi kuacha taji liende kwa mtoto wa Mashariki, muziki wa inchi hii ni wa Lingala, hayo yanajulikana. Watu walitabiri kwa uchungu, si kwa hesabu. Na ni nani tulimwona akinunua unite dukani, yeye aliyesema simu ni ya kuita watu tu? Yule mjomba. Tulimwuliza kama amemsikia mtoto yule akiimba. Akajibu, "Bado. Lakini ni wa kwetu."

Mtoto alishinda. Leo anajulikana kama Innoss'B, na wimbo wake "Yope", alioutoa tena mwaka 2019 pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, umeangaliwa kwenye YouTube zaidi ya mara milioni 100. Kwa hiyo mjomba alichagua vizuri bila kusikia kitu, na binti alichagua vizuri kwa kusikia. Anayetaka kutuambia namna gani ni bora, aanze kwa kueleza hilo.

Sisi lakini tuna lawama moja, na si kwa mjomba wala kwa binti. Katika mabishano yale yote, ya 2009 na ya 2010, hatukusikia mtu mmoja akiuliza: wameimba nini? Waimbaji wa konkuru hizo, mara nyingi mno, walipewa nyimbo za Waamerika. Walihukumiwa kama walifikia nota ya mwimbaji mwingine aliyeziimba mbele yao. Kwa mwimbaji wa lulanga wa Bashi kipimo hicho kingekuwa kichekesho. Yeye alipimwa kwa kujua majina na kwa kutia habari ya jana ndani ya nyuzi za zamani, na kwa kumgusa mkubwa bila kumvunja. Mashindano yalikuwapo kwetu tangu zamani. Katika miji ya migodi ya Katanga, vikundi vya mbeni vilishindana kwa ngoma, kwa nguo na kwa maneno ya kuchoma, na hakuna aliyehitaji juri: kundi lililobaki bila watu wa kuliangalia lilijua limeshindwa. Na pale kwenye arusi zetu, mtu anayependezwa anasimama, anakwenda mbele ya mwimbaji, anambandika makuta kwenye paji la uso. Mesaji ya simu ni makuta yale yale ya paji. Tofauti ni kwamba kwenye arusi makuta yanabaki kwa mwimbaji, na wote wanaona ni nani aliyeyatoa.

Hata kuhukumiwa na watu wa mbali si jambo jipya. Mwanzo wa miaka ya 50, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi. Wimbo wa gitaa "Masanga" ukapewa tuzo ya kwanza kule kusini. Wale waliomtuza hawakuelewa maneno yake, bila shaka. Lakini angalau Mwenda alikuwa ameimba wimbo wake mwenyewe. Kwa vijana wa televizyo, tungependa hilo tu. Waimbe cha kwao walau mara moja kabla ya fainali, halafu tubishane.

Mwaka 2016 ilianza The Voice Afrique Francophone, iliyorekodiwa Johannesburg, na hapo tulipata namna nyingine ya kubishana. Wakubwa wanne walikaa kwenye viti wakiwapa waimbaji mgongo: A'Salfo wa Magic System, Charlotte Dipanda wa Kameruni, Singuila, na Lokua Kanza, ambaye alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1958. Wanasikia kwanza, wakipenda wanabonyeza, ndipo kiti kinageuka na wanaona uso. Binti wa zamani, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alifurahi sana. Alituambia kwamba hii ndiyo konkuru aliyoitaka mwaka ule: sauti bila inchi. Tulikubali kwa sehemu, tukamwonyesha kwamba mgongo ni wa siku za kwanza tu. Mbele kidogo uso na inchi vinarudi, pamoja na watu na simu zao.

Mjomba naye alikuwapo, ameketi karibu na televizyo kwa sababu ya macho. Kila mara kiti cha Lokua Kanza kilipogeuka juu ya Mucongomani, alipiga paja lake. Binti akamwambia, "Lakini mujomba, hakumuona!"

"Hakumuona," akajibu, "lakini alimusikia. Miye niliwaambia nini?"