Paka wa Poe Hakusema Uongo

Tulipoijadili darasani hadithi fupi ya Edgar Allan Poe, "The Black Cat", iliyochapishwa mwaka 1843, karibu kila mtu alizungumzia pombe. Wengine walitaja dhamiri inayomsuta mkosaji, na mmoja akasema paka yule ni mzimu uliorudi kulipiza kisasi. Mimi nilikuwa na swali ambalo wenzangu walilicheka: paka mwenyewe alikuwa anasema nini? Niliuliza kwa sababu nimekua na paka, na kwa sababu hadithi nzima inasimuliwa na mtu asiyejua kumsoma paka, au anayejua na hataki.

Tuanze na usiku wa kisu. Msimulizi anarudi nyumbani amelewa, anadhani paka wake, Pluto, anamkwepa. Anamkamata kwa nguvu. Pluto anamng'ata mkono, jeraha dogo tu, naye anatoa kisu cha mfukoni na kumng'oa jicho. Wasomaji wengi hukimbilia jicho kwa kuwa linatisha, lakini mazungumzo yalianza kabla ya hapo. Paka anayemkwepa mtu hajamtukana, anaomba nafasi. Kwanza huondoka. Akizibiwa njia hujikunyata na kulaza masikio, na meno huja mwisho. Pluto, aliyekuwa akimfuata bwana wake kila pembe ya nyumba kwa miaka, alitoa onyo na halikusikilizwa. Msimulizi analijua hilo, maana yeye mwenyewe anatuambia kuwa paka aliuma kwa hofu. Papo hapo anasahau na kujieleza kama mtu aliyeingiwa na shetani. Kwangu mimi, imani yetu kwake kama shahidi inaishia hapo, si kwenye mauaji ya mwisho.

Paka wa pili anaipa hoja hii nguvu zaidi. Msimulizi anamkuta kilabuni, juu ya pipa la pombe. Anapomgusa, paka anainuka, anakoroma kwa sauti na kujisugua mkononi mwake. Nyumbani anamfuata hatua kwa hatua, anajikunja chini ya kiti chake, anamrukia mapajani, anang'ang'ania nguo zake kwa kucha mpaka kifuani. Paka anapojisugua kwako anakuachia harufu yake, kama anayekuhesabu kuwa wa nyumbani. Msimulizi anayaita yote haya mateso. Hata siku ya shoka, kosa la paka ni kumfuata kwenye ngazi na kukaribia kumwangusha. (Aliyefuga paka ameshakwazwa hivyo, tena akiwa amebeba sufuria ya chai.)

Kuhusu macho, namlaumu Poe kidogo. Jicho limejaa hadithini, lakini kila mara ni jicho lililong'olewa, au tundu lake, au lile moja linalowaka mwishoni. Hatuambiwi kama mboni zilikuwa pana au nyembamba kama uzi, wala kama kope zilishuka. Ni kweli mboni pana peke yake haitoshi: hupanuka gizani, hupanuka kwa hofu, hupanuka pia paka anapojiandaa kurukia mchezo, kwa hiyo lazima uyatazame masikio na mkia pamoja nazo. Kope zinasema wazi zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kuwa paka hufinya macho zaidi pale anayewafuga anapowafumbia yake polepole, na kwamba humsogelea kwa urahisi zaidi hata mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko yule aliyewatazama bila ishara yoyote. Nilipousoma utafiti huo nilikiona upya kile kisu.

Doa jeupe kifuani mwa paka wa pili, linalogeuka polepole kuwa umbo la mti wa kunyongea, ndilo wenzangu wanalolipenda kuliko yote. Mimi naliona udhaifu. Mwenzangu mmoja alinijibu kuwa umbo hilo limo kichwani mwa msimulizi tu. Huenda, ila mkewe pia alimwonyesha doa lenyewe. Kucha na kukoroma ni ishara za paka. Doa amebandikwa na mwandishi, na kwa hilo Poe karibu anakubaliana na muuaji.

Mke huyo huyo hutaja, bila kumaanisha sana, imani ya zamani kwamba paka weusi ni wachawi. Sikuweza kuipita sehemu hiyo kwa haraka. Nikiwa darasa la sita, hapa hapa Uganda, majirani walimuua kwa mawe paka wetu mweusi kwa kuwa macho yake yaliwaka mbele ya tochi. Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga ili aone vizuri gizani. Mbuzi na ng'ombe wanalo pia, na hakuna aliyewarushia jiwe mbuzi wa jirani yeyote usiku ule.

Mwishoni msimulizi, akijivuna mbele ya polisi, anaugonga kwa fimbo ukuta aliomfukia mkewe. Paka aliyezibiwa humo siku kadhaa anajibu. Msimulizi bado anamlaumu kuwa kwa hila zake ndiye aliyemtumbukiza katika mauaji. Polisi wanasikia mlio tu, na wanaanza kuubomoa ukuta.