Pumzi ya Kusafishia

Kabla ya kumgusa mgonjwa, yule mzee wa fiziotherapia alisugua viganja vyake. Alivisugua kama mtu aliyeamkia shamba asubuhi ya baridi, akavigusisha shavuni mwake kuhakikisha vimepata moto, ndipo akaviweka juu ya mbavu za chini za shangazi yangu, kimoja kulia na kimoja kushoto, akatulia hivyo kama anayesikiliza mlango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba,” shangazi alijibu kwa sauti iliyokatika katikati.

“Sasa nisukume. Siyo kwa mikono, kwa mbavu. Vuta hewa kwa pua, ijaze hapa chini mpaka uiondoe mikono yangu.”

Ilikuwa siku ya pili baada ya upasuaji. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimetoboa utumbo usiku wa manane, shangazi akapasuliwa kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Sasa alikuwa amelala chali, dripu mkononi, mpira puani, akipumua pumzi fupi fupi za juu juu kama kifaranga kilicholoa. Sisi ndugu tuliona hiyo ndiyo heri, maana ametulia, halii. Tulimfunika shuka hadi kidevuni, na kila aliyekuja kumjulia hali tukamnong'oneza: mwacheni apumzike.

Kumbe pumzi na pumziko ni neno moja, na sisi tuliokuwa tukilitamka kutwa nzima hatukulisikia. Mzee alimtazama shangazi kifua, akatutazama sisi. “Huyu hajapumzika,” alisema. “Amejibana.” Akatuomba tumsaidie kumkalisha.

Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo. Waliokipa jina hilo walikuwa na sikio zuri, kwa kuwa ni msuli uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Mtu akivuta hewa, kiwambo hushuka, na mapafu hupata nafasi ya kukunjuka hadi chini. Tumbo likipasuliwa, hasa sehemu yake ya juu, kiwambo hulegea kama ngoma iliyonyeshewa, na kukazika kwake tena huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Nusu kaputi nayo huwa imeshatangulia: dakika chache tu baada ya mgonjwa kusinzia, vifuko vidogo vya hewa vilivyo chini ya mapafu huanza kusinyaa. Juu ya hayo kuna maumivu ya mshono, na kule kulala chali ambako huyasukuma matumbo yakapanda kifuani. Siku ya kwanza, pumzi kubwa kabisa anayoweza kuivuta mgonjwa huwa karibu nusu tu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya kisu. Makohozi yanayotuama pale chini ndiyo mwanzo wa nimonia.

Kuna jambo jingine ambalo mzee alinionyesha kwa kuniambia nimtazame mgonjwa na saa. Mtu mzima mwenye afya hushusha pumzi mara kadhaa kila saa bila kujijua. Tumezoea kudhani ni dalili ya majonzi au uchovu. Ukweli ni kwamba mapafu huwa yanajinyoosha: huvuta hewa kama pumzi mbili kwa mpigo, vifuko vilivyoanza kusinyaa vikafunguka tena. Nilikaa pale kando ya kitanda, nikatazama kifua cha shangazi kwa saa nzima. Hakushusha pumzi hata mara moja. Kazi ambayo mwili wake ulikuwa ukiifanya wenyewe kwa miaka zaidi ya 70, sasa ilibidi akumbushwe na mtu.

Kwa hiyo tukafundishwa kumkumbusha. Kila saa anapokuwa macho, pumzi 10: hewa iingie kwa pua taratibu, izuiwe kwa hesabu ya tatu, itoke kwa mdomo. Akiona kizunguzungu, apumzike kwanza. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo. Ilipotangaza saa kamili tulijua zamu yetu imefika. Mzee alipokuwepo alizihesabu mwenyewe, na hesabu yake ilikuwa na mwendo wake: vuta, vuta, bado kidogo, hapo hapo, zuia... achia. Sauti yake ilipanda na kushuka pamoja na mbavu. Nimewahi kumsikia mpiga zumari akimfundisha mwanafunzi, na sikuona tofauti kubwa.

Asubuhi ya tatu makohozi yalikuwa yamekwama. Uliyasikia hata bila stetoskopu, yakikoroma chini ya kifua kama maji ndani ya dafu. Shangazi aliogopa kukohoa. Kila alipojaribu alihisi mshono unachanika, akaishia kukohoa kikohozi cha kooni, cha kuturidhisha sisi. Mzee hakumkaripia. Aliikunja khanga mara nne, akaiweka juu ya bandeji, akaweka mto mdogo juu yake, kisha akaichukua mikono ya shangazi akaikumbatisha mto ule. “Ushike kama mtoto anayetaka kuanguka.” Halafu akauliza swali ambalo mimi nilidhani ni la kumpotezea mawazo.

“Mama, zamani nyumbani mlikuwa mkiwasha taa gani?”

“Chemli.”

“Kioo chake nani alikisafisha?”

“Mimi. Nani mwingine?”

“Ulikisafishaje?”

Shangazi alimkazia macho. Kisha akafungua mdomo, akatoa pumzi ndefu, ya moto, isiyo na kishindo: haaa.

Niliisikia pumzi ile nikarudi utotoni. Nyumbani kwa shangazi, jua lilipoanza kuinama, alitoka na kigoda hadi kibarazani na taa zake tatu. Alinyanyua kioo, akakielekeza kwenye mwanga kuona masizi yalipo, akakileta mdomoni. Haaa. Ukungu ulitambaa ndani ya kioo kutoka upande mmoja hadi wa pili, naye akakisokomezea kipande cha gazeti akakizungusha mara mbili. Sisi watoto tuligombea kumsaidia, na kila mara alituzuia, kwa sababu tulibana midomo tukapuliza fuu, kama anayezima kibatari. “Hiyo pumzi ya kuzimia,” alituambia. “Haisafishi kitu. Fungua koo, itoe ile ya ndani.” Alikuwa na subira ya kutuonyesha tena na tena, kioo baada ya kioo, mpaka giza likaingia na taa hazijawashwa.

Pumzi ya kuzimia na pumzi ya kusafishia. Ile ya kwanza ni fupi na baridi, inazaliwa midomoni. Ya pili inatoka chini, koo likiwa wazi, nayo huyasukuma makohozi kuelekea juu bila kulitikisa tumbo kama kikohozi kinavyolitikisa. Wataalamu wana jina lake na wanaifundisha dunia nzima. Shangazi alikuwa nayo tangu ujana wake, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni dawa.

“Tena,” mzee alisema. Haaa. “Tena.” Haaa. Ya tatu ikapanda na mkoromo, shangazi akaukumbatia mto, akakohoa kikohozi kimoja tu cha kweli, na kohozi zito la manjano likatoka likaingia kwenye kikopo. Machozi yalimtoka. Mzee alikuwa bado ameshika mbavu zake. “Hilo,” alisema, “ndilo lililokuwa linataka kukurudisha kitandani.”

Ufundi huu una ukoo wake. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza walianzisha chama cha wakandaji, ambacho leo ndicho chama cha fiziotherapia cha nchi hiyo. Mwaka 1910 tabibu mmoja wa London, William Pasteur, aliandika kuhusu mapafu yanayosinyaa baada ya upasuaji wa tumbo. Na mwaka 1915, majeruhi wa vita walipokuwa wakirudi na risasi vifuani, Cortlandt MacMahon wa hospitali ya St Bartholomew's alichapisha mazoezi ya kupumua kwa waliojeruhiwa mapafu na kiwambo. MacMahon hakuwa mpasuaji. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha matamshi na pumzi watu wenye matatizo ya kusema, na kila nikilikumbuka hilo naisikia ile hesabu ya mzee ikipanda na kushuka. Mzee mwenyewe alisomea Moshi, kwenye chuo cha fiziotherapia cha hospitali ya KCMC walikopita wengi wa rika lake. Alisema mwalimu wao aliwafumba macho kwa kitambaa, wakashika mbavu za wenzao na kutaja ni upande gani hewa haifiki.

Mimi sikuyajua haya miaka minane kabla, binamu yangu alipopasuliwa katika hospitali nyingine. Nayo ilikuwa ni tumbo. Daktari alitoka akatuambia mambo yamekwenda vizuri, na yalikuwa yamekwenda vizuri kweli. Mshono ule ulikuwa mzuri, umenyooka kama wa cherehani. Hakuna aliyekuja kumkalisha, wala kumshika mbavu. Siku ya nne homa ikapanda. Siku ya sita akawa anahema kama aliyepanda mlima, midomo imebadilika rangi. Tulimzika wiki iliyofuata, na watu msibani walisema operesheni ilifanikiwa ila nimonia ndiyo iliyomchukua, kana kwamba nimonia ni mgeni aliyepita njia akaona mlango uko wazi. Mlango huo mimi nilisaidia kuuacha wazi. Mimi ndiye niliyemfunika shuka hadi kidevuni. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema: mwacheni apumzike.

Huwa nawaza ni wangapi wanaondoka hivyo. Mpasuaji mzuri anajulikana hadi wilaya ya jirani, anapelekewa kuku na mbuzi wa shukrani. Anayemzuia mtu asipate nimonia hana cha kuonyesha, kwa kuwa jambo alilolizuia halikutokea. Wodi ina vitanda 40, mtaalamu ni mmoja, naye siku hiyo hiyo ana watoto wa miguu iliyopinda na wazee waliopooza. Bajeti ikipungua, mkono wake ndio wa kwanza kukosekana, na hakuna anayelia.

Badala yake kimekuja kifaa. Ni cha plastiki, kina mipira mitatu midogo ndani ya vyumba vitatu. Ukivuta hewa kwenye mrija mipira inapanda. Sikichukii. Lakini nimekikuta mara nyingi kwenye makabati ya wodini, kingine bado kimo ndani ya mfuko wake, na nimemwona mgonjwa akikipuliza kwa nguvu zote badala ya kuvuta, akishangaa kwa nini mipira imelala. Aliuziwa, akaachiwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2014 hayakupata ushahidi kwamba kifaa hicho huzuia matatizo ya mapafu baada ya upasuaji wa juu ya tumbo. Mzee hakuwa nacho. Alipotaka shangazi ashindane na kitu, alichukua chupa ya maji, akaijaza kimo cha sentimita 10 alichokipima kwa rula, akatumbukiza mpira ulio mnene kuliko wa dripu, akamwambia achemshe maji kwa pumzi. Mpira mwembamba, alisema, unamchosha mgonjwa bure. Kisha akavuta kiti, akakaa, akayatazama mapovu pamoja naye mpaka yalipokwisha.

Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha utafiti kutoka Australia na New Zealand. Wagonjwa 441 waliokuwa wakingoja upasuaji wa juu ya tumbo walipewa kijitabu cha maelezo, wote. Karibu nusu yao wakaongezewa kitu kimoja: mtaalamu wa fiziotherapia alikaa nao dakika 30 kabla ya upasuaji, akawaeleza kitakachotokea mapafuni, akawafundisha kupumua na kukohoa. Waliopewa kijitabu peke yake, asilimia 27 walipata matatizo ya mapafu. Waliokaliwa nao, asilimia 12. Hizo ni dakika 30, siku ambayo mgonjwa bado hana maumivu wala dawa za usingizi kichwani na anaweza kujifunza. Ni muda ambao wengi wetu tunaumaliza kwenye benchi la wagonjwa wa nje, tukisubiri faili.

Shangazi alirudi nyumbani. Umeme ameshaingiziwa siku nyingi, chemli zimebaki stoo. Lakini asubuhi, kabla ya chai, husikika ukumbini: haaa.

Mwezi uliopita nilikwenda wodi ile ile kumtazama mtoto wa jirani, kijana wa miaka 19, aliyepasuliwa tumbo baada ya ajali ya bodaboda. Niliuliza habari za mzee, sista akaniambia amestaafu na nafasi yake haijajazwa. Kijana alikuwa amelala chali. Kile kifaa cha mipira kilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko. Mama yake alinipokea kwa kidole mdomoni: amepumzika.

Nilimwomba sista ruhusa, tukamkalisha. Nikamkunjia shuka, nikamkumbatisha mto. Nikamuuliza kama anaijua taa ya chemli, akatikisa kichwa. Nikamwambia basi achukue simu yake, apige pumzi kwenye kioo kama anayetaka kukifuta. Hiyo aliijua. Haaa, kioo kikaingia ukungu, akakifuta kwa ncha ya shuka, akanitazama aone kama amepatia.

Nilisugua viganja vyangu mpaka vikapata moto, nikaviweka juu ya mbavu zake, kimoja kulia na kimoja kushoto, nikamwambia anisukume. Alivuta hewa. Nilizihisi mbavu, nilihisi joto lake, nilihisi moyo ukidunda. Ni upande gani hewa ilikuwa haifiki, mikono yangu haikuweza kuniambia.