Masafa Gani? Istilahi za Simu za Mkononi na Mwananchi wa Kijijini

Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilinadi masafa ya megahezi 700. Mwaka 2022 ukafuata mnada mwingine uliohusisha masafa ya juu zaidi, yakiwamo ya megahezi 3500. Sera hiyo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na neno "masafa".

Katika matangazo ya minada, masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Lakini msikilizaji wa siku nyingi wa redio, aliyezoea "masafa ya kati" na "masafa mafupi", hulijua neno hilo kwa maana ya urefu wa wimbi. Mambo haya mawili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo huzidi. Kwa hiyo "masafa mafupi" ya redio ni masafa ya juu kuliko yale ya kati! Tena mkimbiaji wa masafa marefu naye anayo yake, ambayo ni umbali mtupu.

Hili si suala la wanalugha peke yao. Wimbi la megahezi 700, lenye urefu wa sentimita 43 hivi, husafiri mbali na kupenya kuta na majani kuliko lile la megahezi 3500, lisilotimiza hata sentimita 9. Hivyo mnara mmoja waweza kuhudumia eneo pana, na hapo ndipo ilipo faida ya kijiji. Mfasiri akiandika kwamba "masafa ya chini yanafaa vijijini", diwani ataelewa umbali mfupi, au pengine huduma duni ya watu wa chini. Twapendekeza "marudio" kwa idadi ya mitetemo, "urefu wa wimbi" kwa urefu wake, na "wigo" kwa jumla ya marudio yanayogawiwa.

Neno la pili ni "kufikiwa". Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili huduma ifike pasipo na mvuto wa kibiashara. Jina hilo ni zuri. Laiti mafasiri yote yangekuwa mepesi hivyo. Walakini taarifa ikisema kijiji "kimefikiwa", ni nani hasa aliyefikiwa? Wimbi lapita juu ya paa, na chini yake yumo mama asiye na simu, au mwenye simu isiyo na pa kuchajiwa. Wimbi kuenea ni jambo moja. Mtu kuweza kulitumia ni jingine. La kwanza tuliite "ueneaji", la pili "ufikiaji", na kila moja lihesabiwe peke yake.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, maneno haya yaweza kuingia katika masharti ya leseni, na huko hayatabadilishwa kwa urahisi. Maoni ya wasomaji, hasa walimu wa fizikia kuhusu "marudio", tutayapokea.