Asterisk: programu ya simu yenye bado inabeba biro tumboni

Wandugu, programu nyingi zenye tunasifia ni zile zenye kuonekana kwenye kioo cha telefone. Leo nataka kuchambua moja yenye haina sura. Mtu anapiga namba, sauti inamwambia: kwa Kiswahili bonyeza 1, kwa Lingala bonyeza 2. Hajui nani anaongea, wala hajali. Lakini nyuma ya sauti ya namna ile kunaweza kuwa kompyuta moja ya kawaida, na ndani yake Asterisk, programu ya bure yenye kugeuza kompyuta kuwa kituo cha kuunganisha simu.

Mtu wa kilimo anatafuta nini humo? Ni hivi: agronome wengi wa kizazi chetu wamekwisha kuota laini ya simu ya wakulima. Mkulima anapiga, anasikia bei ya mahindi, anasikia namna ya kutambua ugonjwa wa mosaic kwenye muhogo. Wazo ni zuri, juu wakulima wengi wako na telefone ndogo ya vibonyezo, na wengi kusoma kunawapa shida. Sauti njo inawafikia. Na Asterisk iko kati ya vyombo vya kwanza vyenye mtu anakutana navyo akianza kutafuta namna ya kujenga laini ile. Basi tuitazame vizuri mbele ya kuipigia makofi.

Ilizaliwa Marekani, katika jimbo la Alabama, mwaka 1999. Mark Spencer, wakati ule kijana mwanafunzi, alikuwa amefungua kampuni ndogo ya kusaidia watu wenye kutumia Linux. Kampuni ilihitaji mtambo wa simu, na mitambo ya wakati ule ilikuwa bei kali. Akaamua kuandika wake. Jim Dixon, yeye, alikuwa ametengeneza kadi ya bei nafuu ya kuunganisha kompyuta na laini za simu, akaacha michoro yake wazi kwa wote. Kazi hizo mbili zikakutana. Toleo 1.0 lilitoka 2004. Kampuni ya Spencer, yenye ilikuja kuitwa Digium, ilinunuliwa na Sangoma ya Kanada mwaka 2018, lakini programu imebaki chini ya leseni ya GPL: unachukua, unafungua, unabadilisha, bila kulipa.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba imejengwa kwa vipande. Kuna kiini katikati, kisha kuna moduli. Moduli moja inajua kuongea na laini za intaneti, nyingine inajua kusomesha faili za sauti, nyingine kurekodi, nyingine kupanga watu kwenye foleni. Unawasha zenye unahitaji, zingine unaziacha zilale. Njia yenye simu itapita unaiandika kwenye faili ya maandishi, mstari kwa mstari: Answer, pokea, Playback, cheza sauti, Record, rekodi, Hangup, kata. Mtu mwenye uvumilivu anaweza kusoma faili ile na kujua simu itafika wapi. Na kama mistari ile haitoshi, kuna mlango wenye kuitwa AGI: unaandika sehemu yako kwa Python ao PHP, na Asterisk inaiuliza cha kufanya. Hata kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaweza kuibeba. Kwa vijana wasio na mtaji, hicho si kitu kidogo.

Sasa lawama. Ya kwanza, na kwangu njo kubwa zaidi: Asterisk ilizaliwa ndani ya biro, na mpaka leo biro iko tumboni mwake. Angalia kazi zenye inaleta tayari: namba za ndani za wafanyakazi, foleni ya wateja, sanduku la ujumbe kwa bosi mwenye ametoka, muziki wa kungojea. Ile faili kubwa ya njia za simu inaitwa extensions.conf, ni kusema namba za ndani. FreePBX, ile sura yenye watu wameivalisha Asterisk ili mtumiaji asiguse mafaili, inazidisha tu: unaifungua, unakuta biro nzima imekwisha kupangwa, inangojea paka majina ya wafanyakazi.

Kwa kampuni hakuna ubaya. Ubaya unaanza wakati agronome anachukua mfano ule mzima na kuupeleka kijijini. Biro inadhani mwenye kupiga anajua anachotafuta, na kazi ya mashine ni kumsukuma kwenye mlango unaofaa. Sasa mweke mama mmoja shambani, majani ya muhogo wake yamejikunja na yako na mabaka ya manjano. Mashine inamwambia: magonjwa bonyeza 3, mbegu bonyeza 4. Abonyeze ipi? Ule ugonjwa wa mosaic unaletwa na inzi weupe, lakini unasafiri pia ndani ya miti ya muhogo yenye tunakata na kupanda msimu unaofuata. Ni ugonjwa na ni mbegu. Mama akisita, ana haki. Menyu ndiyo yenye haijui kilimo. Na mbele afike kwenye jibu, yunite zimekwisha.

Wengine watasema: hilo ni kosa la mwenye kuandika menyu, si la programu. Kidogo ni kweli. Lakini chombo chenye kinakupa biro tayari, na kuacha mengine yote uyajenge weye mwenyewe, kimekwisha kukuonyesha njia ya kufuata. Wengi wetu tunafuata njia yenye imekatwa.

Ushahidi wa kwamba njia nyingine iko, unatoka India. Mwaka 2010, katika jimbo la Chhattisgarh, mwandishi wa habari Shubhranshu Choudhary na wenzake walianzisha CGNet Swara, juu ya Asterisk hii hii. Menyu yake ilikuwa fupi: bonyeza 1 kuacha habari yako, bonyeza 2 kusikiliza za wengine. Watu wa vijiji wakaanza kusema shida zao kwa sauti yao, na wasimamizi walisikiliza kila ujumbe mbele ya kuutangaza. Kile kipande cha kurekodi, chenye kwa biro ni sanduku la ujumbe wa bosi, kikawa mdomo wa kijiji. Katika jimbo la Gujarat, jaribio lingine la simu za sauti, Avaaj Otalo, liliwahusu wakulima 51 kwa miezi 7. Kulikuwa matangazo, kulikuwa vipindi vya redio vya zamani, kulikuwa nafasi ya kuuliza na kujibu. Sehemu yenye wakulima walitumia zaidi ilikuwa ile ya maswali. Hawakuja kupokea tu, walikuja kuongea.

Lawama ya pili: vipande vinabadilika, na mwenye kuviunga anabaki peke yake. Kwa miaka mingi, moduli ya laini za SIP ilikuwa chan_sip. Ikatangazwa kwamba itaachwa, kisha mwaka 2023, katika toleo 21, ikaondolewa kabisa. Sasa ni PJSIP. Sababu za ufundi ziko. Lakini masomo mengi ya zamani bado yanafundisha ile yenye imekufa, na mwanafunzi anayanakili siku nzima bila kuelewa juu ya nini simu haiiti. Ugumu huo haukuchosha wageni peke yao. Anthony Minessale alikuwa kati ya wenye kuchangia Asterisk, akaona heri kuanza upya, akajenga FreeSWITCH. Tena kuna wezi: ukiweka mashine kwenye intaneti na neno la siri rahisi, watu wa mbali wanaikisia na kupiga simu za ng'ambo kwa deni lako.

Ya tatu haiko juu ya Asterisk peke yake. Programu inakufungulia kompyuta, haikufungulii rezo. Namba fupi, bei ya dakika, simu ya bure kwa mkulima, yote hayo yanabaki mikononi mwa kampuni za simu. CGNet Swara walijibu kwa mbinu yenye sisi wote tunaijua: mtu anabipu, mashine inamrudilia. Asterisk inaweza kufanya vile bila shida. Lakini dakika hazikufutika. Zimehama kutoka mfuko wa mkulima kwenda mfuko wa mradi. Bajeti ikikauka, laini inanyamaza, na mkulima hajui alikosa nini.

Hukumu yangu basi: Asterisk ni chombo kizuri, na mwanafunzi wa informatike mwenye hajaigusa aiguse. Lakini kwa kazi ya shamba, tusianze na biro yake. Tuanze na Record. Chaguo mbili tu, uliza ao sikiliza, kwa lugha ya mahali: Mashi, Kinande, Kibembe, yenye watu wanaongea kweli. Nyuma ya mashine awekwe mtu mwenye kusomea udongo na mimea, asikilize maswali ya jana, ajibu leo. Kila mwaka mafakulte yetu yanatoa ma-agronome wenye kungojea kazi, na mashambani kuna maswali yenye kungojea watu. Mradi wenye unaweka pesa yote kwenye mashine na kusahau mshahara wa yule msikilizaji, hata kama Asterisk yake inafanya kazi bila kosa, mimi sitauita laini ya wakulima. Nitauita biro ingine yenye mlango umefungwa.