Fundi wa Chumba cha Giza

Mtafiti anayezungusha mkono wa mashine ya kusomea mikrofilamu hamjui fundi aliyeisafisha filamu ile ndani ya idara ya nyaraka. Mimi nampongeza, hasa kwa siku alipochagua mashine ya kusafishia. Muuzaji alisifu kasi. Fundi akauliza habari za maji. Yanachujwaje? Joto lake linadhibitiwaje? Filamu inaoshwa kwa muda gani kabla ya kukaushwa?

Alikuwa na haki. Filamu ya chembe za fedha juu ya poliesta, ikisafishwa na kutunzwa ipasavyo, hukadiriwa kudumu miaka 500. Lakini thaiosulfati, dawa ya kuimarisha picha, isipooshwa vizuri hubaki ndani na kuila picha polepole. Kiwango kinachokubalika hakizidi gramu 0.014 kwa mita mraba, nacho hupimwa kwa bluu ya methilini.

Akachukua mashine ndogo ya mezani, ambayo matangi yake husuguliwa kwa mkono na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Haina mbwembwe, nami ningechukua hiyohiyo. Maji ya bomba yakija na tope, huizima. Kazi ikangoja kesho.