Visu Visivyokata Pamba

Ukishika barabara ya Busia kwenda Mumias utapita Nambale. Ukitoka Malaba kuelekea Bungoma, Malakisi haiko mbali. Nchi hii ya Wateso, Wasamia na Wabukhayo imelima pamba tangu enzi za ukoloni, ndiyo maana Nambale na Malakisi zikajengewa viwanda vya kuchambua pamba. Wengi husifu shamba lililofunguka jeupe. Mimi naisifu mashine inayoipokea pamba yake.

Pamba hutoka shambani ikiwa imeng'ang'ania mbegu zake. Kilo 3 hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi. Zilizobaki karibu zote ni mbegu. Anayechambua kwa vidole hushinda kutwa akaambulia kiganja. Tangu kale Wahindi walitumia rola mbili zilizobanana, nyuzi zikapita, mbegu zikabaki. Mwaka 1794 Mmarekani Eli Whitney alipata hataza ya mashine ya kunyofoa nyuzi kwa meno ya waya, na mwaka 1796 Hodgen Holmes akapata yake ya misumeno ya duara. Kasi iliongezeka sana, lakini meno hayo huumiza nyuzi, hasa zile ndefu.

Fones McCarthy wa Alabama aliirudia rola. Katika hataza yake ya mwaka 1840, rola moja imevikwa ngozi na kisu kimetulia kikiiegemea. Ukwaru wa ngozi hushika nyuzi na kuzivuta zipite chini ya kisu. Mbegu, kwa unene wake, hukwama. Hapo kisu cha pili, kinachopanda na kushuka bila kuchoka, huigonga mbegu mpaka iachie na kudondoka. Visu viwili, na hakuna kinachokata: kimoja huzuia, kingine husukuma. Uzuri wa uvumbuzi huu uko katika ustahimilivu wake. Unazitoa nyuzi zikiwa nzima, kama mzazi anayefumua nywele za mtoto bila kumliza.

Kampuni kama Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ziliziunda mashine za aina hiyo kwa wingi, na rola ndiyo iliyoenea katika viwanda vya Uganda na vya huku kwetu.

Lakini mashine hii haifanyi kazi bila fundi. Kisu kikiibana mno ngozi, ngozi hupata moto na kuungua. Kikilegea, rola haivuti sawasawa. Kisu kinachogonga kikikaa vibaya, mbegu hupasuka na vipande vyake huchafua nyuzi. Ngozi nayo hulika, ikalazimu kuchongwa mifereji upya, kisha kubadilishwa. Fundi hupima mwanya, huikagua mbegu iliyodondoka kama bado ina manyoya, halafu hukaza au hulegeza kidogo. Ustadi huo unastahili heshima ile ile tunayompa mvumbuzi.

Hataza humpa mvumbuzi ulinzi wa muda, na yeye hulipa kwa kueleza wazi kila kipande kinavyofanya kazi. Muda ukiisha, maelezo na michoro huwa mali ya wote. Ya McCarthy ilikwisha muda zamani. Kijana wa chuo cha ufundi hapa Busia anaweza kuisoma, kuichora upya na kuiunda kwa vyuma vya hapa hapa, bila kumwomba mtu ruhusa. Walimu wa ufundi na wawape wanafunzi michoro hiyo, kwa kuwa elimu yake imekwisha lipiwa.